Niliandika Jina Lisiloshika Jembe

Maungamo yangu ni haya. Mwaka 2023, serikali ilipoandikisha wakulima ili wanunue mbolea ya ruzuku, nilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandika majina kijijini kwetu, upande wa Mwala, kaunti ya Machakos. Majina mengi niliyoyaandika hayakuwa ya wakulima. Yalikuwa ya wenye hati za mashamba. Nililijua hilo kalamu ikiwa bado mkononi. Hakuna aliyenishurutisha, wala hakuna aliyeninunulia hata soda. Kosa ni langu.

Asiyejua utaratibu huo anaweza kudhani nililikuza jambo dogo. Septemba 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ilishushwa kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500, na Agosti 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Ili uuziwe kwa bei hiyo, sharti uwe kwenye orodha. Ukiwa humo, unaletewa ujumbe kwenye simu uliyoandikisha, kisha unakwenda ghalani na ujumbe huo pamoja na kitambulisho chako. Kwa hiyo ruzuku yote inasimama juu ya jina, kitambulisho na nambari ya simu. Karani akikosea hapo, pesa za umma zimetoka na mkulima hajaziona.

Mimi nilikosea kwa swali. Nilikuwa nikiingia bomani, namkuta mama ameketi akichambua pojo au akitwanga mahindi ya muthokoi, namuuliza, “Shamba hili ni la nani?” Mwanamke aliyeolewa Ukambani akiulizwa hivyo atataja jina la mumewe. Mume akiwa hana hati, atataja la baba mkwe, hata kama mzee huyo alizikwa zamani. Hadanganyi, amejibu alichoulizwa. Ningemuuliza, “Hapa analima nani?” angecheka kwanza, halafu angejigonga kifuani.

Sikuuliza hivyo. Niliandika jina la mume, nikampigia simu Nairobi, akanisomea nambari ya kitambulisho kwa furaha, nikaenda boma la pili. Palipokuwa na mjane ambaye shamba lake bado lina jina la mkwe, nilimwandika shemeji yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya ukoo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana shemeji yule ana shamba lake mwenyewe na alikwisha kuandikwa kwa hilo.

Kwa nini? Haraka ilikuwepo, lakini haraka ni kisingizio. Sababu hasa ni woga niliouvika vazi la heshima. Niliogopa Baba Fulani asije akarudi Krismasi na kuuliza ni nani huyu kijana aliyemwandika mke wangu kuwa mwenye shamba langu. Kumbe kuandikwa kuwa mkulima hakumnyang'anyi mtu hati. Nililijua hilo pia.

Matokeo yalikuja na vuli. Huku kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Masika hutupa ahadi nyingi na maji kidogo. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, ikanyesha kupita kiasi. Ardhi yetu kavu ilikunywa ikashiba. Mwaka kama huo mfuko mmoja wa mbolea unaweza kubadilisha hesabu ya nyumba nzima. Lakini ujumbe ulikuwa umekwenda kwenye simu za Nairobi, Athi River na Mombasa. Wapo waume waliotuma ujumbe nyumbani pamoja na pesa za kununulia, na haki yao siwanyimi. Wengine waliufuta wakidhani ni matangazo. Wengine waliusoma, wakanyamaza, na msimu ukapita.

Jirani yangu mmoja, mama wa umri wa mama yangu, alipanda kwa samadi ya mbuzi wake wachache, ikaishia nusu ya shamba. Nusu ile nyingine mahindi yalitoka ya manjano. Tulipokutana njiani akitoka soko la Masii, alinisalimu vizuri kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbolea ya serikali imelikataa jina langu, au wewe ndiwe uliyelikataa?”

Nikamjibu kwamba mtambo una shida. Huo ulikuwa uongo, na nauungama pamoja na lile la kwanza.

Aibu yangu ni kubwa kwa sababu mimi ni mtoto wa Machakos, na historia ya ardhi hii ingetosha kunifundisha. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti ya kuonyesha kwamba nchi ya Wakamba inaoza kwa mmomonyoko. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu, ikidai wamezidi malisho, huku kiwanda cha nyama kikiwangoja Athi River. Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na amri hiyo. Kisha, kuanzia 1946, ukaja mpango wa kikoloni wa kuendeleza ardhi ya Waafrika, ALDEV, na fedha zake na amri zake za kuchimba matuta.

Matuta yaliyodumu yalichimbwa na nani? Wanaume wengi walikuwa kazini mijini. Waliobaki walikuwa wanawake, na katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, ndivyo vilivyopanda vilima na majembe. Matuta ya fanya juu ni kazi ya mgongo: mtaro unachimbwa kukata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, ukingo unapandwa nyasi, na kila mwaka unarudi kuzibua na kuziba hadi shamba linakuwa kama ngazi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioishangaza dunia: tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wataalamu husafiri kuja kuyaona matuta hayo. Mimi niliyapita kila siku nikiwa na fomu mkononi, nikaandika jina la mtu ambaye hajazibua mtaro tangu aoe.

Mbolea ni msimu mmoja; madhara ya orodha ni marefu kuliko hayo. Orodha huzaa orodha. Baada ya hapo nilialikwa kwenye baraza ambapo mradi mmoja ulieleza nia ya kuwalipa wakulima wanaotengeneza matuta na kupanda miti kwenye mashamba yao. Ilipofika zamu ya kuuliza majina yatatoka wapi, mtu akasema mambo yasicheleweshwe, orodha ya mbolea ipo, inakiliwe. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Nikaona kosa langu likitaka kuzaa mjukuu. Nikasimama nikasema orodha ile niliiandika mimi na haifai, na nikaeleza kwa nini. Jirani yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele na wenzake wa mwethya. Hakunitazama.

Si sisi peke yetu tuliojikwaa hapa. Costa Rica, nchi inayosifiwa kuliko zote kwa kuwalipa watu watunze misitu, ilipoanza malipo hayo mwaka 1997 ilidai hati ya ardhi, na wakulima wadogo wasio na hati wakaachwa nje hadi masharti yalipolegezwa. Nasi tuna mfano wetu mzuri zaidi. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa ukashika. Hakuna aliyeulizwa hati. Aliyepanda ndiye aliyelipwa, na mti wenyewe ulikuwa shahidi.

Sasa kuna fedha za kaboni mlangoni, malipo kwa watunzao miti na udongo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliporekebishwa mwaka 2023, iliweka kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii. Mashamba yetu ni ya watu binafsi. Hapa kitakachoamua ni mkataba, na mkataba hutiwa sahihi na mwenye jina. Tukiendelea kuandika majina kama nilivyoandika mimi, mama atatunza mti miaka yote na malipo yatalala kwenye simu iliyoko mjini.

Nimeambiwa na wazee ninaowaheshimu kwamba nyumba ni moja, kilicho cha baba ni cha mama. Nyumba nyingine ni hivyo. Lakini serikali haitumi ujumbe kwa nyumba, inautuma kwa simu, na simu ina mfuko wake. Nyumba ikiwa moja kweli, haitadhurika jina la mama likiandikwa. Ikiwa si moja, basi hapo ndipo jina lake linapohitajika zaidi.

Nimerudi kwa naibu wa chifu, tukapita tena bomani kusahihisha. Mjane sasa yumo kwa jina lake. Waume kadhaa wamekubali kwa simu bila neno. Mmoja amenitukana, nami nikamwacha amalize. Wengine bado wamekataa, na majina yao yako palepale nilipoyaweka. Jirani yangu nilimwendea nyumbani nikamwambia kwamba mtambo haukuwa na shida yoyote. Alisema alijua. Mvua ile ya 2023 siwezi kumrudishia.

Kwa karani mwenzangu utakayetumwa kijijini: usiulize shamba ni la nani. Uliza nani analima, kisha tazama viganja. Na wewe mama unayelima, usajili ukija kwenu usingoje kutajwa. Toka na kitambulisho chako, na laini iliyoandikishwa kwa jina lako, si la mume wala la mtoto. Simama hapo hadi uone karani ameandika, kisha mwambie akusomee alichoandika.