Dengu Hizi Ni Tamu: Nani Amezionja?

Kihispania kina vitenzi viwili pale ambapo Kiswahili mara nyingi huridhika na "ni": "ser" na "estar". Wanaojifunza lugha hiyo huambiwa mapema kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu na cha pili ni cha hali ya kupita. Maelezo hayo hayatoshi, na upungufu wake huonekana mezani.

Mgahawani Madrid, mhudumu akiniuliza dengu zikoje, humjibu: "Están buenas." Maana yake ni kwamba dengu hizi, zilizomo katika sahani hii, ni tamu, nami nimezionja. Nikibadili kitenzi tu, nikasema "son buenas", nitakuwa nimesema kwamba dengu ni chakula bora, chenye manufaa mwilini. Daktari aweza kutamka hayo bila kugusa kijiko. Hata neno "rico" hugeuka hivyo hivyo: supu ikiwa "está rica" imekolea, mtu akiwa "es rico" ni tajiri.

Upatanisho wa sifa hautusumbui sisi tuliokulia katika ngeli. Supu ni ya kike, basi ni "riquísima". Maharage ni ya kiume na ni mengi, basi ni "riquísimos".

Kinachonishughulisha ni lugha ya ripoti zetu. "Huduma za zahanati ni nzuri." "Chakula cha bweni ni bora." Hiyo "ni" ni ya nani: ya aliyepanga foleni na sahani mkononi, au ya aliyesoma mwongozo wa lishe ofisini? Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Mtu akisema "supu imekolea" au "wali umeiva vizuri", tunajua kijiko kimeshafika mdomoni. Lakini mwandishi wa ripoti huikwepa miundo hiyo, kwa sababu inamtaka awe shahidi. Wala sidai kwamba sarufi imewafanya Wahispania kuwa wakweli kutuzidi. Wanasiasa wao hudanganya kwa vitenzi vyote viwili.

Kila mwaka hupokea rasimu za tasnifu zenye sentensi hii: "Mlo wa shuleni ni wa kuridhisha." Huirudisha kwa mwanafunzi na swali moja pembeni: ulikula?