La Kuku na la Baba

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari. Swali lililonisumbua zaidi katika muda huo wote ni hili: maneno mawili yanapobeba maana moja, ni nini humfanya msemaji achague hili na kuliacha lile? Jibu nilipewa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, nami nililipokea kwa aibu.

Shule ilikuwa mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Niliwapa wanafunzi insha kuhusu familia zao. Binti mmoja aliyetoka Kinole, huko milimani, aliandika: “My father is late.” Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: amechelewa wapi? Kisha, kwa kuwa nilijiona mcheshi, nikaisoma sentensi ile mbele ya darasa. Darasa likacheka. Yeye akainamisha kichwa, asiseme neno. Baada ya kipindi mwenzake akanifuata, akaniambia kwamba baba wa binti yule alikuwa amezikwa majuma matatu kabla ya siku ile.

Nilimwita mchana huo huo, nikamwomba radhi. Lakini tabia ya ualimu haikuniacha; papo hapo nikamwandikia sentensi niliyoiona kuwa sahihi: “My father is dead.” Akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu, “Samahani mwalimu, hilo si la kuku?”

Sikuwa na jibu. Katika Kiswahili kuku hufa, na hata injini hufa, lakini hakuna asemaye kwamba kuku amefariki. Mzazi hufariki, huaga dunia, naye huitwa marehemu. Kufa ni neno letu la Kibantu, halifichi kitu. Kufariki tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni kutengana. Marehemu, kutoka lugha hiyo hiyo, ni aliyerehemiwa. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. “Dead” ni neno lao tangu kale, na hata betri huwa “dead.” Lakini “deceased,” ambalo asili yake katika Kilatini ni kuondoka, liliwafikia kwa njia ya Kifaransa, na betri haiitwi hivyo kamwe. Lugha mbili zisizo na undugu, kila moja ilikwenda kukopa kwa jirani neno la kuufunika msiba.

Basi binti yule alikuwa akilitafuta neno la marehemu, na alikuwa amelipata. Alikosea mahali pa kuliweka tu, kwa kuwa katika Kiingereza tulichofundishwa vyuoni “late” la heshima hutangulia nomino: “my late father.” Likija baada ya kitenzi, marehemu hugeuka mchelewaji. Na hata hilo si kwa kila mtu. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba katika Kiingereza cha Afrika Kusini watu husema kama alivyoandika yeye, na hakuna anayecheka.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Kinole. Mama yake alinikaribisha mkekani, chini ya mgomba. Nikasema, “Poleni kwa msiba.” Akajibu, “Tumeshapoa, mwalimu. Ahsante kwa kuja mbali kote huku.” Nikatambua kwamba binti hakuwa amemweleza habari ya insha. Alikuwa amenistiri. Akaja na maji ya kunawa, akayamimina polepole mikononi mwangu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuinua kalamu nyekundu, nilijiuliza kwanza mwanafunzi alikuwa akitafuta nini. Nimestaafu sasa, kalamu nimeiweka, lakini swali lile huwa nalo kila nisomapo tungo zenu. “Amekufa” lina mizani nne, “amefariki” lina tano. Nami najua jinsi mizani moja inavyoweza kumshawishi malenga. Kabla hamjaiokoa mizani hiyo, tazameni ni nani anayesemwa, na ni nani wake aliyeketi akisikiliza.