Tarehe Zinazopangwa Kinyume

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi simulizi anaporudi kutoka nyanjani, jambo la kwanza analofanya ni kuandaa jedwali katika tarakilishi: jina la msimulizi, mahali, tarehe. Safu hii ya tatu hudharauliwa kuliko zote, ilhali ndiyo yenye mitego, hususan kwa anayekusanya masimulizi Garissa, Wajir au Mandera.

Zichukuliwe tarehe tatu za eneo hilo: uhuru wa Kenya, 12/12/1963, kuanza kwa mauaji ya Wagalla karibu na mji wa Wajir, 10/02/1984, na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, 02/04/2015. Zikiandikwa hivyo katika safu ya maandishi ya kawaida, kisha tarakilishi ikaamriwa izipange, itaanza na chuo kikuu, ifuatishe Wagalla, na uhuru uje mwisho. Historia imegeuzwa miguu juu, kichwa chini. Mashine yenyewe haikukosea, kwani imesoma kutoka kushoto kama ifanyavyo kamusi: 02 hutangulia 10, nayo 10 hutangulia 12. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1963-12-12, 1984-02-10, 2015-04-02. Bora zaidi ni safu itengwe kuwa ya tarehe hasa, maana hapo mashine hukataa 31 Februari na huweza kuhesabu siku zilizo baina ya matukio.

Saa nazo zina yake. Shambulio la Garissa, lililoua watu 148, lilianza mnamo saa kumi na moja unusu alfajiri. Mwandishi akinakili 11:30, hifadhidata itaelewa kwamba jua lilikaribia utosini, na wanafunzi waliovamiwa usingizini watahesabiwa kuwa walivamiwa mchana. Ushuhuda wa aliyetoroka saa tatu asubuhi, ukiandikwa sawasawa 09:00, utapangwa kabla ya shambulio lenyewe. Fauka ya hayo, usiku wa Ijumaa kwa Mswahili ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Tarakilishi haijui hilo, hungoja usiku wa manane.

Hata hivyo, hayo ni mepesi yakilinganishwa na tarehe isiyojulikana. Mama anayesema mwanawe alizaliwa mwaka wa El Nino habahatishi. Mvua zile zilinyesha tangu mwishoni mwa 1997 hadi mapema 1998, mto Tana ukafurika, na hakuna mkazi wa kingo zake asiyezikumbuka. Lakini safu ya tarehe haikubali kauli hiyo, yadai siku. Karani mmoja ataandika 1 Januari 1997, mwingine 1 Januari 1998. Kijana ni yule yule, hati zake hazipatani. Na hilo si jambo dogo katika eneo ambalo vijana walihojiwa na kamati maalumu ndipo wapate kitambulisho, hadi agizo la rais la Februari 2025 lilipoiondoa desturi hiyo. Dadaab, ambako kambi zilianza 1991, wakimbizi wengi husherehekea, kwa mujibu wa karatasi, siku moja ya kuzaliwa: 1 Januari. Ndugu waliokadiriwa mwaka mmoja hulingana umri, na wakipangwa kwa jina, mdogo humtangulia mkubwa. Ubaya wenyewe ni kwamba 1 Januari ya kubuni haitofautiani kwa sura na ya kweli.

Yafaa basi zitengwe safu tatu badala ya moja: tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, ya mwisho kabisa, na maneno ya msimulizi kama alivyoyatamka, yawe ya Kisomali au ya Kiswahili. Kwa mtoto wa El Nino zitaandikwa 1997-10-01, 1998-03-31, na kauli ya mamake. Upangaji utumie ile ya kwanza. Asiyejulikana kabisa aachiwe nafasi tupu. Na mama akikumbuka baadaye kwamba alijifungua katika mfungo wa Ramadhani, tarehe hizo mbili husogezwa karibu mara moja, kwani Ramadhani ya masika yale ya ajabu iliandama mwishoni mwa Desemba 1997 na kumalizika mwishoni mwa Januari 1998.