Jumamosi za Kaole na Mbudya

Safari zetu zilikuwa za Jumamosi, na sababu ilikuwepo. Katika miaka ya shida ya mafuta Serikali ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali. Mtu akitoka Kwa Mathias, Kibaha, Jumapili asubuhi kwenda Bagamoyo, alikuwa hajatulia vizuri ndipo anakumbuka saa na kuanza kukimbizana na njia. Baba alikuwa mwalimu wa historia, na safari ya kukimbizana hakuitaka. Kwa hiyo tuliondoka Jumamosi alfajiri, malori ya Zambia yakiwa bado yameegeshwa kando ya Barabara ya Morogoro na madereva wakinawa uso kwa maji ya dumu chini ya mikorosho.

Kwa Mathias ya katikati ya miaka ya 1980 haikuwa hii unayoiona leo. Kilikuwa kituo cha basi, vibanda vichache, mikorosho na miembe, na njia ya mchanga iliyoingia ndani kuelekea Msangani. Majirani zetu wengi walikuwa watu wa kuja. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa Serikali mwaka 1970, lilileta walimu, waganga na mafundi kutoka kila pembe ya nchi. Ukiuliza mtoto kwao ni wapi, atakwambia Bukoba, Moshi au Tukuyu, hata kama alizaliwa Tumbi na hajawahi kupanda basi kupita Chalinze. Baba mwenyewe alitoka Songea. Mama ndiye aliyekuwa mwenyeji, Mzaramo wa Kisarawe, na bibi mzaa mama alikuwa bado anaishi Maneromango.

Jambo hilo la kusema "kwetu ni mbali" lilimuuma Baba. Darasani alifundisha miji ya pwani, biashara ya Bahari ya Hindi, misafara ya pembe na watumwa, na wanafunzi waliandika yote hayo kwenye madaftari kana kwamba yalitokea nchi nyingine. Alikuwa akisema, "Hawa watoto wanakaa mlangoni, halafu wanadhani nyumba iko Ulaya." Ndiyo maana akaanza kutubeba: sisi wanawe, watoto wa majirani, na kila mara mzazi mmoja au wawili waliosema wanakuja kuangalia watoto lakini nao walikuwa na hamu yao.

Gari lilikuwa Landrova ya mwalimu mwenzake. Baba alichangia mafuta, akina mama walichangia chakula. Maandazi yalikaangwa usiku, viazi vitamu na mihogo vikachemshwa, chai ikatiwa kwenye chupa mbili kubwa. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, na chai yenye sukari ya kutosha ilitosha kutufanya tuione siku ile kuwa ni sikukuu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipitia mjini: Ubungo, Mwenge, Tegeta, kisha lami inakwisha baada ya kiwanda cha saruji cha Wazo na vumbi linaanza, unavuka Mto Mpiji na kuingia tena Mkoa wa Pwani. Ya pili ilikatiza Mlandizi hadi Makofia, kama kilomita 35 za udongo. Hiyo ndiyo aliyoipenda Baba, ingawa masika ilikuwa haipitiki. Aliipenda kwa sababu ilikwenda sambamba na bonde la Ruvu, mto ambao kwenye vitabu vya zamani unaitwa Kingani, na humo ndimo misafara ilimopita. Alisimamisha gari mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi na mnazi mmoja, akatuambia wapagazi wa Kinyamwezi walipita upande huu na meno ya tembo mabegani, miezi kadhaa kutoka Tabora. Tukakaa kimya tukiangalia zile nyasi. Mpaka leo siwezi kupita Mlandizi bila kuangalia upande wa mto.

Bagamoyo ilikuwa mji mkuu wa Wajerumani katika Afrika Mashariki yao hadi mwaka 1891, walipohamishia serikali Dar es Salaam. Mgeni akifika huonyeshwa kwanza Boma lao, kisha mahali walipowanyongea waliopinga. Baba aliyaonyesha hayo pia, lakini mwishoni. Alikataa kabisa tuanze na Wajerumani. Tulipita mji bila kushuka, tukaenda moja kwa moja Kaole, kilomita tano hivi kusini, kwa sababu Kaole iliwatangulia Wajerumani kwa miaka kama 600 na yeye alitaka tuhesabu kuanzia hapo.

Mlinzi wa magofu alikuwa mzee wa kanzu iliyofifia na kofia ya kufuma. Tulimwamkia kwa zamu, shikamoo babu, na yeye akaitikia kila mmoja marahaba yake, asimruke hata mdogo kabisa. Kisha alituvusha taratibu kati ya kuta. Msikiti wa kale zaidi ni wa karne ya 13, na ni miongoni mwa ya kale inayojulikana katika pwani ya Tanzania Bara. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale, na mengi yanayosemwa kuhusu umri wa mji ule yanatokana na kazi hiyo. Kuna msikiti wa pili, na makaburi zaidi ya 20, mengine yana nguzo za mawe ndefu kupita mtu mzima aliyenyosha mkono juu.

Kwenye nguzo hizo kuna vishimo vya mviringo. Mzee alimwita mdogo wangu, akamwambia aingize ngumi kwenye kimoja kilichokuwa chini. Humo, alisema, palipachikwa bakuli la kauri kutoka Uchina, likasilibwa kwa chokaa ili kumpamba marehemu. Mabakuli mengine yaliibwa, yaliyosalia yakatolewa na kwenda kuhifadhiwa makumbusho. Mdogo wangu aliuacha mkono wake mle muda mrefu. Chokaa ndani ya kishimo ilikuwa laini, na ukitazama kwa karibu uliona alama ya ukingo wa bakuli, duara jembamba, kama lilitoka jana.

Alituonyesha kaburi la wapenzi wawili ambao, kwa maelezo yake, walizama baharini wakazikwa pamoja. Alituonyesha kaburi la Bibi Sharifa, ambalo watu walikuwa bado wanaliendea na ubani, kuomba. Alituonyesha kisima ambacho hakikauki na mbuyu wa miaka mingi. Watoto walitaka kuuzunguka mbuyu ili wazidishiwe umri, naye akawaacha wazunguke. Sisi wakubwa kidogo tulimuuliza bahari iko wapi, maana mji wa bandari hauwezi kukaa porini. Akanyosha fimbo kuelekea mikoko. Bahari ilikuwa hapa, alisema, ikajaa tope, mikoko ikasogea, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hata hivyo kijiji cha Kaole hakikufa. Juni 1857, wapelelezi Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja kwenda kutafuta maziwa makuu, waliteremka hapo hapo Kaole, na walipoanza kutembea waliingia Uzaramo, nchi ya bibi yangu.

Siku moja bibi naye alikuja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Baba alimheshimu sana, hakuongea historia mbele yake bila kumwangalia kwanza usoni. Alizunguka makaburi yale yote akiwa amejifunga khanga kifuani, akasimama kwenye nguzo ndefu kuliko zote, akaigusa. "Kwetu watu wakubwa tuliwachongea nguzo za mti," alisema. "Hawa wamejenga kwa jiwe. Lakini mkono ni ule ule. Anayepita ajue hapa amelala mtu, si gogo." Baba alitoa kitabu chake kidogo mfukoni akaandika. Wazaramo kweli walikuwa na nguzo za kuchonga makaburini, na zile za mti zimeoza au zimechukuliwa na wenye kununua sanaa, ndiyo maana hazina mlinzi wala bango. Kabla ya siku ile nilikuwa nadhani Kaole ni ya Waarabu, kama nilivyosikia watu wakisema. Bibi aliirudisha kwetu bila hotuba.

Mchana tulikuwa misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Mabaki ya mpelelezi Livingstone yalifikishwa hapo Februari 1874, baada ya kufa huko Chitambo, ambako sasa ni Zambia, mwezi Mei mwaka uliotangulia. Baba aliisimulia habari hiyo kwa namna yake: watumishi wake Susi na Chuma na wenzao ndio waliokuwa wenye safari, Livingstone alikuwa mzigo. Walitembea miezi mingi, njaa na magonjwa njiani, wakafika pwani na mwili ukiwa salama, na mwezi Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Watoto walipenda zaidi mnyororo uliomezwa na mbuyu wa hapo misheni. Baada ya hapo tulikula samaki ufukweni, na mara nyingine tukasikia ngoma zikitoka Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa.

Jumamosi nyingine tulikwenda kisiwani, kupitia Kunduchi. Hapo pia kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo katikati ya mibuyu, na hapo pia mabakuli yamebanduliwa. Tulipita makaburini kwanza, kisha tukashuka kwa wavuvi, tukapatana bei na nahodha wa mashua, tukavuka kwenda Mbudya. Nahodha ndiye aliyeamua saa ya kwenda na ya kurudi, kwa kupwa na kujaa kwa maji na kwa upepo, na mwalimu mzima alimtii kama mtoto. Kusi likivuma sana hatukwenda.

Mbudya ni kisiwa cha jiwe la matumbawe. Baba alitupeleka mahali ambapo bahari imekula chini ya jabali, akatuambia tuguse. Lilikuwa jiwe la Kaole. Ukuta wa msikiti ulijengwa kwa jiwe kama lile lililochimbwa nchi kavu. Matumbawe laini ya baharini yalichongwa yakiwa bado mabichi kwa ajili ya mihrabu na mapambo. Na chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Mji mzima ulitoka majini. Wavaa miwani ya kuzamia waliona chini rangi ambazo sikuzijua, na samaki wadogo wa manjano wakipita kama majani yanayopeperuka.

Tulikuwa tunakula chini ya mbuyu tuliposikia mshindo kutoka upande wa bahari kuu. Watoto walidhani ni radi. Nahodha alisimama, akaangalia, akatema mate. "Baruti," alisema. Alitueleza inavyokuwa: mlipuko unampasua samaki kibofu cha hewa ndani, wachache wanaelea na kuokotwa, wengi wanazama na kuoza, na mwamba chini unabaki kokoto. "Baba yangu alivua mwamba ule, mimi nimevua, mwanangu atavua nini?" Hakuna aliyemjibu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilikuwa vimetangazwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, lakini miaka ile tangazo lilikuwa karatasini, na milipuko ilisikika mchana kweupe. Nilikuwa mdogo, na hasira ya nahodha yule iliniingia zaidi ya somo lolote la shuleni. Watu waliojenga Kaole walichukua matumbawe wakaacha msikiti unaosimama mpaka sasa. Mwenye baruti alichukua matumbawe akaacha kokoto kwa ajili ya ndoo mbili za samaki.

Marufuku ya Jumapili iliondolewa, mafuta yakapatikana, na safari zile, badala ya kuongezeka, zikapungua. Landrova ilikufa. Majirani wakajenga, wakafungua maduka, Jumamosi ikawa siku ya kazi. Baba alistaafu na hakuwa tena na darasa la kulibeba. Bibi alizikwa Maneromango, kaburi la saruji, kama watu wote sasa.

Leo Barabara ya Morogoro ina njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na Kwa Mathias kumejaa bodaboda, benki na nyumba za kupanga. Kutoka Bagamoyo mpaka Msata ni lami. Magofu ya Kaole yako chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, yana mapokezi na waongozaji, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko bei ya kuku. Hakuna marufuku, hakuna foleni ya sukari. Na bado nikiwauliza vijana wa mtaani kwetu, wengi Kaole wanaisikia kwenye redio tu, na Mbudya wanaijua kwa picha za harusi za watu wengine. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mzungu anakuja kutoka nchi ambako maji yanaganda, anatoa fedha nyingi, anashika ukuta ule kwa adabu. Sisi tuko mwendo wa asubuhi moja.

Mzazi wa Kwa Mathias, wa Tumbi, wa Visiga, wa Kisarawe: tafuta Jumamosi moja kabla ya masika. Toka na watoto alfajiri, pita Mlandizi hadi Makofia, anza na Kaole na Boma liwe la mwisho. Mchukue na bibi yao, kama bado yuko, umwache yeye aongee.