Setilaiti Nayo Inahitaji Shahidi

Nilipoanza kusomea sayansi ya bahari, ramani za setilaiti zilinitosha. Nilifungua kompyuta, nikaona klorofili ya mlango-bahari wa Mafia imepakwa rangi, kijani huku, bluu kule. Kutoka na boti kwenda kuchota maji sikukuona kama sayansi. Leo ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote, na ninashuhudia kilichonigeuza.

Ilikuwa masika, mto Rufiji umefurika. Siku mawingu yalipofunguka, ramani ilionyesha klorofili tele mbele ya delta. Tulipofika pale, nahodha alinyoosha kidole akasema hayo ni maji ya mto, tuyapime kwanza. Tukateremsha kisahani cheupe cha Secchi, cha kupimia uwazi wa maji, kikapotea upesi. Tukachota maji, tukayachuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, karatasi tukaiweka gizani kwenye barafu. Maabarani tukailoweka kwenye asetoni, tukapima. Klorofili ilikuwa chini sana kuliko ramani ilivyodai.

Hapo nikaelewa setilaiti inaona nini. Inapima mwanga, na takriban sehemu tisa kwa kumi za mwanga huo zimetoka hewani, si baharini. Hesabu ya hewa ikikosewa kidogo, ya bahari inaharibika sana. Kisha kanuni ya kukadiria klorofili hulinganisha mwanga wa bluu na wa kijani. Maji ya mto yenye rangi ya majani yaliyooza hunyonya bluu, sawa na klorofili, na udongo nao huvuruga hesabu.

Ndiyo maana tangu 1997 boya liitwalo MOBY limetiwa nanga karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, kupima mwanga wa bahari ili setilaiti zirekebishwe kwalo. Lakini maji ya Lanai ni safi, ya bahari kuu. Hayawezi kuyatolea ushahidi maji ya Rufiji.

Siku hizi tunaondoka alfajiri. Setilaiti ya Sentinel-3 hupita kwenye saa nne asubuhi, na sampuli ya kulinganisha inafaa ichotwe ndani ya saa tatu kabla au baada ya hapo.

Mwanafunzi mwenzangu, kabla hujamwambia mvuvi kwamba mahali fulani pana chakula cha samaki kwa kuwa ramani imeonyesha klorofili, nenda ukachote maji ya hapo. Nanyi mnaopanga bajeti za utafiti, tengeni fedha za mafuta ya boti kama mnavyotenga za kompyuta. Ramani ya pwani yetu isiyopimwa kwa maji ya pwani yetu bado ni makisio.