Kache ya jikoni

Wiki hii sina habari za PHP wala za Linux. Naandika juu ya sufuria. Wale mliozoea kuniuliza maswali ya hifadhidata mnivumilie kidogo, maana mwishowe ni jambo lile lile.

Mama anaishi nami hapa Nairobi tangu Januari ili awe karibu na kliniki. Ana presha, na daktari amempunguzia chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai. Chakula cha kibandani huwezi kukipimia. Mchuzi umeshatiwa chumvi kabla hujafika. Kwa hiyo lazima tupike nyumbani kila siku, hata siku ninapoingia saa mbili usiku na sitaki kuona jiko.

Ukichoka hivyo, kupika kwenyewe si kazi. Kazi ni kuchomoa sufuria iliyo chini ya nyingine mbili, kutafuta kisu, kuondoa vikombe juu ya kibao cha kukatia sukuma. Hapo ndipo mtu huchukua simu akaagiza chipsi.

Sisi watu wa kompyuta tuna dawa ya zamani. Prosesa haiendi kwenye diski kila inapotaka kitu. Vilivyotumika karibuni hukaa kwenye kache, kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo. Ikijaa, hutolewa kile kilichokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Nami nikafanya hivyo: kilichotumika kinabaki kando ya meko, kisichoguswa kinasukumwa nyuma. Baada ya wiki tatu mbele kulikuwa na kisu kimoja, kibao, mwiko, kikaango, sufuria mbili, na sufuria ya presha. (Ndiyo, presha mbili nyumba moja. Utani huo ni wa mama mwenyewe.)

Hiyo ya presha ilikuwa imelala kwenye katoni yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe hapa hula gesi kuliko Mombasa. Ndani ya sufuria hiyo joto hupita nyuzi 110. Nikiyaloweka asubuhi, jioni hayamalizi nusu saa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt, mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kikiwa karibu na mkono. Lakini lilipimiwa mtu mmoja. Letu lina wapishi wawili, na aliyeandika programu za prosesa yenye viini viwili anajua balaa yake: mimi naweka mwiko kulia, mama anauhamishia kushoto. Isitoshe, bega lake haliruhusu kufikia rafu ya juu. Tumekubaliana kwamba neno lake ndilo la mwisho. Vizito vyote sasa viko usawa wa kiuno chake, mimi nainama.

Chumvi tu ndiyo haimo kwenye kache. Asubuhi natia kijiko kisichojaa kwenye kikopo, cha sisi wawili kutwa nzima, na pakiti inarudi juu ya kabati nyuma ya sahani za wageni, ambako hata mimi hupanda kiti. Mama anauita udikteta.