Udongo wa Kianjokoma na Vyombo Vyangu vya Kazi

Kazi yangu imekuwa kupima udongo wa watu wengine na kuwaambia nilichokipata. Nimeifanya miaka mingi katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, hasa vijiji vya Kianjokoma, ambako majani chai yanapakana na msitu na kahawa huanza ukiteremka. Wanafunzi hunijia wakitaka kujua natumia simu gani, programu gani, kipakatalishi cha aina gani. Nawajibu, ila naanzia mbali kidogo.

Naanzia na kekee ya udongo: chuma kirefu chenye mpini, unakizungusha kwa mikono miwili mpaka kizame. Udongo wa huku, ambao wataalamu huuita nitisoli, ni mwekundu na una kina. Kekee hushuka mita nzima na zaidi bila kugonga mwamba. Kando ya shimo nafungua kitabu cha rangi cha Munsell, nalinganisha bonge la udongo na vibandiko vyake, kisha naandika 2.5YR 3/4. Mtafiti aliye Brazil au Japani akiisoma namba hiyo ataijua rangi niliyoiona. Naandika kwa penseli, kwa sababu ukungu wa Kianjokoma hulowesha karatasi na wino husambaa. Madaftari yangu ya miaka ya tisini nayasoma hadi leo. Disketi za wakati huo, zile za megabaiti 1.44, hazina tena tarakilishi ya kuzipokea, na hata ingepatikana, baadhi ya programu zilizoandika faili hizo zimekwisha kufa. Kwa hiyo data zangu zote huwa na nakala ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotengwa kwa koma, ambayo karibu programu yoyote huyafungua. Hili nalishikilia sana, na mwanafunzi wangu asiyelifanya simtilii sahihi.

Kujua mahali uliposimama kulikuwa kazi ya pekee. Tulitumia dira na ramani za 1:50,000, ambapo milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 ardhini. Kianjokoma kuna mashamba membamba kuliko hapo. Vipokezi vya GPS vilipoanza kutufikia, Marekani ilikuwa bado inaivuruga kwa makusudi huduma waliyopewa raia, hivyo kipimo kiliweza kukosea kwa mita 100. Mei 2, 2000, uvurugaji huo uliondolewa, na kosa likashuka hadi mita kumi na kitu. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika teknolojia ya utafiti, kwa sababu tangu hapo niliweza kurudi kwenye shimo lilelile msimu uliofuata. Chini ya miti ya mikima na mikadamia iliyosongamana chombo bado husitasita. Unasubiri, au unasogea uwazini.

Majarida nayo yalitutesa. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, maktaba ya majarida ya kilimo iliyojazwa kwenye CD kwa ajili ya nchi zisizo na fedha wala intaneti ya kutosha. Mwaka 2003 FAO ikaleta AGORA, maktaba ya aina hiyo ya mtandaoni, na nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 makala iliyochukua nusu siku kushuka ikawa inashuka kabla chai haijapoa. Wasomi wa leo hawawezi kulihisi jambo hili, na sitawalaumu.

Katika simu yangu programu ninayoithamini ni ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Unajaza fomu shambani hata pasipo mtandao, pamoja na picha na viwianishi vya mahali, nayo hutuma yote mawimbi yakipatikana. Maabara nayo ilibadilika. Kipima pH kinadai utunzaji: ukisawazishe kwa vimiminika vya 4 na 7, usiache ncha yake ya kioo ikauke. Kisha ikaja miali ya infraredi. Keith Shepherd na Markus Walsh, waliokuwa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu jijini Nairobi, walichapisha mwaka 2002 jinsi mwanga unaorudi kutoka kwenye udongo unavyoweza kutumiwa kukisia kaboni, udongo mfinyanzi na mengine kwa muda mfupi. Ni chombo kizuri mno, mradi baadhi ya sampuli ziendelee kupimwa kwa kemikali ili makisio yawe na msingi.

Siku moja mama mmoja aliyekuwa akichuma majani chai juu ya bonde la Kapingazi alinisimamisha. Watafiti wengine walikuwa wamempitia kabla yangu. "Mwalimu," akaniambia, "nyinyi huchukua udongo wetu mkaenda nao. Majibu hukaa wapi?"

Nilikuwa na ramani ya iSDAsoil kwenye simu, iliyotolewa mwaka 2020, ambayo hugawa Afrika katika miraba ya mita 30 kwa 30. Nikamwonyesha. Mraba mmoja ni karibu robo ya ekari, na ndani ya mraba wake mlikuwa na chai, mahindi, majani ya ng'ombe na jiko. Ramani haikujua kwamba mahindi yale alikuwa akiyatilia mbolea ya chai, NPK 26:5:5, ambayo ikitumiwa kwa miaka huongeza asidi. Chai huipenda asidi hiyo. Mahindi na maharagwe huumia. Tulipopima, pH ya udongo wa mahindi ilikuwa chini ya 5. Nilimrudishia majibu kwenye karatasi moja, nikamweleza kwa Kiembu kuhusu chokaa na samadi, na nakala ikaenda kwa afisa wa kilimo.

Tangu siku hiyo kila mradi wangu una fungu la fedha za kurudi. Nawaomba wanaoidhinisha bajeti za utafiti walifanye sharti, na wewe mtafiti kijana unayeandika ombi lako la kwanza, kabla ya kuorodhesha droni, andika nauli ya kurudi kwa mwenye shamba na karatasi ya majibu yake.